Tusiulize "Kwa Nini Ndege?" Tuulize "Ndege Ipi, na Abiria Wako Wapi?"



Naandika haya nikiwa nyumbani Kwedizinga, wilaya ya Handeni. Wiki iliyopita kijiweni tulibishana kuhusu ndege. Kuna jamaa mmoja, chawa wa siku nyingi, alisimama akasema: "Nyie wapinzani mnapinga kila kitu. Hata ndege za nchi yenu wenyewe mnazichukia." Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote: "Kaka, maji kwanza. Tangu tumezaliwa tunasikia HTM, HTM, na ndoo bado iko kichwani kwa mama yako." Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nikaonekana nimeshinda.

Lakini kiukweli sikushinda. Nilikwepa. Yule jamaa aliongelea ndege, mimi nikamjibu maji. Na hili ndilo kosa letu kama vijana wa upinzani tangu mwaka 2016: tumejadili ndege kwa hasira, tukawaachia wenye serikali uwanja wa hesabu peke yao. Leo nataka tuingie kwenye hesabu.

Basi la mjomba

Nianze na kitu tunachokijua. Mjomba wangu aliwahi kupata pesa nzuri ya machungwa kwa misimu miwili mfululizo. Akaongezea mkopo, akanunua basi kubwa lililotumika, viti sitini na kitu, ili libebe watu wa huku kwetu kwenda Korogwe na kurudi. Siku linaingia kijijini watoto walilikimbilia, wazee wakaliombea dua, shangazi akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Siku ya gulio basi lilijaa hadi mlangoni. Siku nyingine sita za wiki lilikuwa linangoja. Konda anaita kuanzia alfajiri, saa mbili asubuhi wamekaa watu kumi na tano, mjomba anatazama saa. Wakati huohuo Noah inajaza watu wake saba na kuondoka, inafuata nyingine, inafuata Hiace. Abiria hapendi kungoja. Mwenye mgonjwa hangoji, na mwenye kesi mahakamani hangoji. Mjomba akaanza kuondoka na viti vitupu, mafuta yaleyale, dereva yuleyule, marejesho ya mkopo yaleyale. Mwaka haukuisha, basi likaegeshwa chini ya mwembe na kuku wakaanza kutagia ndani.

Abiria hawakukosekana. Kila siku watu walikuwa wanasafiri kwenda Korogwe, tena wengi. Mjomba alinunua ukubwa usiolingana na namna watu wanavyosafiri. Angenunua Hiace mbili, leo angekuwa tajiri.

Ukilielewa basi la mjomba, umeelewa kinachoendelea sasa hivi katika soko la ndege duniani.

Korido moja, safari ndefu

Ndege za abiria ni za aina mbili kubwa. Kuna za korido mbili, kama Dreamliner: unakuta viti pembeni, korido, viti vya katikati, korido nyingine, viti tena. Na kuna za korido moja: viti vitatu kushoto, vitatu kulia, njia moja katikati kama basi. Kwa miaka mingi mazoea yalikuwa hivi: korido moja kwa safari fupi, korido mbili kwa safari ndefu.

Hata hivyo si jambo geni kwetu kwenda mbali na ndege ya korido moja. Wazee waliopanda Super VC10 za East African Airways kwenda London kuanzia mwaka 1966 walikuwa ndani ya korido moja. Tatizo la zile lilikuwa injini nne zinazokunywa mafuta. Zilipokuja ndege kubwa zaidi, zile zikapotea, na East African Airways yenyewe ikafa mwaka 1977. Hapo ndipo Air Tanzania ikazaliwa.

Baadaye Boeing 757 ilifanya kazi hiyo ya kati: korido moja, lakini inavuka bahari. Zilitengenezwa 1,050, na uzalishaji ukasimama mwaka 2004. Mashirika yakabaki na pengo. Unataka kuunganisha miji miwili iliyo mbali, lakini abiria wa kujaza ndege ya viti 260 au 300 kila siku huna. Ukipeleka kubwa, inaruka nusu tupu. Ndege ndogo za kawaida nazo hazifiki.

Airbus wakaliona pengo. Mwaka 2018 ikaanza kazi A321LR, korido moja, inayofika takriban kilomita 7,400. Juni 2019, kwenye maonyesho ya ndege ya Paris, wakatangaza A321XLR, ya kilomita 8,700. Iberia ya Hispania ndiyo ilianza kuirusha na abiria, Novemba 2024, Madrid hadi Boston. Oda zake zimepita 500. United na American Airlines za Marekani waliagiza 50 kila moja. IndiGo ya India nayo imo kwenye foleni. Boeing walikuwa na mpango wao wa ndege mpya ya soko hilo la kati, wakauweka kando mwaka 2020 wakiwa wamezama kwenye matatizo ya 737 MAX.

Kwa nini watu wanazigombania? Jibu ni lile la Noah na Hiace. Shirika likiwa na ndege ya viti 180 au 200, linaweza kuruka kila siku badala ya mara tatu kwa wiki. Abiria anapenda kila siku. Na siku soko likiyumba, hasara ya ndege ndogo inabebeka, ya kubwa inakuzamisha.

Nisidanganye kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Mafuta mengi yanachukua nafasi ya mizigo. Kukaa saa nane kwenye korido moja si raha. Na kuna waliojaa pupa wakajuta: Wizz Air ya Hungaria iliagiza XLR 47, na mwaka 2025 yenyewe ikaamua kupunguza. Lakini wameweza kupunguza kwa sababu walikaa chini, wakatazama abiria wao, wakasema tumezidisha. Hicho kitendo cha kukaa chini na kutazama abiria ndicho nitakirudia mpaka mwisho wa makala hii.

Abiria wetu ni akina nani?

Huku kwetu, ukitoka Handeni hadi Korogwe, ukauliza nani amewahi kupanda ndege ya nje, utasikia majibu ya aina tatu. Kuna dada zetu waliokwenda Oman, Dubai na Saudia kufanya kazi za ndani. Kuna wafanyabiashara wachache wanaokwenda Dubai au Guangzhou kuchukua mzigo. Na kuna wagonjwa waliopelekwa India, ambao familia ziliuza mashamba.

Binamu yangu yuko kundi la kwanza. Aliondoka Kwedizinga na begi moja, akapanda gari mpaka Segera, akashika basi la Dar, kesho yake akaruka Muscat. Aliponipigia video alikuwa anashangaa: "Kaka, nilidhani ndege ya kwenda nje ni kubwa sana. Kumbe ni kama basi, korido moja tu katikati."

Mama yake alipofariki, alihangaika siku mbili kutafuta tiketi. Ndege ya moja kwa moja ilikuwa imejaa. Iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka nchi nyingine na kulala njiani, bei karibu mara mbili. Bosi wake akamkopesha. Alipofika Kwedizinga udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Aliinama pale, akaweka kiganja juu ya udongo, hakusema neno.

Huyo ndiye soko. Watu wakisema "mahitaji ya soko la anga" unaweza kufikiri ni mambo ya wataalamu wenye tai. Ni binti wa Kizigua aliyetaka kiti kimoja, siku moja, kwa bei anayoimudu, kwenye safari ya saa tano na ushei. Kiti kilichokuwepo kilikuwa cha shirika la nchi nyingine, na kilikuwa kimejaa. Maana yake abiria wapo.

Tazameni ramani. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 4,000. Dar hadi Lagos ni zaidi kidogo ya 4,000. Dar hadi Mumbai ni kama 4,600. Njia zote hizo ziko ndani ya uwezo wa ndege ya korido moja ya leo, hata bila XLR. Majirani na wageni wameliona hilo. Flydubai wanakuja Dar na Zanzibar na Boeing 737. IndiGo walifungua Mumbai hadi Nairobi Agosti 2023. Zanzibar peke yake ilipokea watalii zaidi ya laki saba mwaka 2024. Watu wanaruka juu ya vichwa vyetu kila usiku, nauli wanalipa kwa wengine.

Sasa tuje kwa ATCL

Nitatenda haki, kwa sababu hoja isiyotenda haki haidumu.

Mwaka 2016 ATCL ilikuwa hoi. Ilikuwa imeshaingia ubia na South African Airways mwaka 2002, wakachukua asilimia 49, ubia ukavunjika 2006. Mwaka 2007 wakakodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading. Ile ilikuwa ya korido moja, saizi inayoeleweka kabisa. Lakini iliruka miezi michache, ikapelekwa matengenezo nje, na deni la mamilioni ya dola likabaki kwa mlipakodi. Kwa hiyo usiniambie nasema korido moja ni muujiza. Ndege sahihi kwenye mkataba wa gizani ni hasara ileile.

Serikali ya awamu ya tano ikaamua kufufua. Zikaja Bombardier Q400, mbili za kwanza Septemba 2016. Hizo zilikuwa na akili: ndege za mapanga kwa viwanja vya ndani. Desemba 2018 ikaja Airbus A220-300, viti 132, na tukawa wa kwanza Afrika kuirusha. Watu wengi hawajui kwamba A220 yenyewe ni ya korido moja yenye masafa marefu: inapita kilomita 6,000. Hapo tulikuwa tumeshika kitu ambacho dunia ilikuwa inakitafuta.

Lakini kabla ya A220, Julai 2018, ilikuwa imeshuka Dreamliner. Viti 262, uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 13,000. Bei yake ya orodha ilipoagizwa mwaka 2016 ilikuwa dola milioni 224.6. Tuliyolipa hasa, sisi wananchi tulio wenye mali hatukuwekewa mezani.

Na kazi yake ya kwanza ilikuwa nini? Mnakumbuka? Dar, Kilimanjaro, Mwanza. Ndege ya kuvuka mabahari ikapelekwa Mwanza. Safari ya Mumbai ilianza Julai 2019, mwaka mzima baada ya ndege kufika. Guangzhou ikaja 2021, na hapo lazima niseme korona ilichelewesha. Dreamliner ya pili ilipokelewa Oktoba 2019. Ya tatu Agosti 2024. Kila moja na zulia, ngoma, mabango na hotuba.

Jamani, hilo si basi la mjomba?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme siku ya kawaida una abiria 130 wa kwenda Mumbai. Ukiwapakia kwenye Dreamliner ya viti 262, umejaza nusu. Ukiwapakia kwenye Boeing 737 MAX 9 ya viti 181, ambayo ATCL inazo mbili tangu 2023 na 2024, umejaza asilimia 72. Ukiwapakia kwenye A220, vimebaki viti viwili. Abiria ni walewale na nauli ni zileile. Kinachobadilika ni mafuta, ada za kutua, marubani, na mzigo wa kuimiliki ile ndege.

Mtu ataniambia: vipi Guangzhou? Ni kweli. Dar hadi Guangzhou ni zaidi ya kilomita 8,600, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanarudi na mzigo. Hapo Dreamliner ina kazi yake, na tumbo lake la mizigo lina thamani. Simkatalii. Swali langu ni njia ngapi kama hiyo tunazo, na je, zinatosha kulisha ndege tatu? Kama zinatosha, tuonyesheni. Na kununua MAX 9 kulikuwa hatua ya maana, nalisema hadharani hata kama mtanituhumu. Lakini hatujaambiwa kwa nini baada ya kuzipata hizo ikahitajika Dreamliner ya tatu.

Kilichotokea kwenye vitabu

Sasa tusikilize CAG. Mwaka wa fedha 2021/22 ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 35.2. Mwaka 2022/23 hasara ikawa bilioni 56.6. Mwaka 2023/24 ikafika bilioni 91.8, licha ya ruzuku ya serikali. Ndege zinaongezeka, na hasara inaongezeka nazo.

Wenzetu wa upande wa pili watasema hasara inatokana na injini. Kuna ukweli hapo. Injini za Pratt & Whitney za A220 zimesumbua mashirika mengi duniani, na zetu zililala chini muda mrefu zikingoja injini. Lakini hebu fikiria: ndege ndogo za masafa marefu, zile zinazolingana na abiria wetu, ndizo zilizolala. Kubwa ndizo zikabaki kubeba safari ambazo si saizi yao. Mwenye shirika makini, akiona hivyo, pesa inayofuata anaipeleka wapi? Kwenye injini na vipuri, au kwenye ndege nyingine kubwa ya kupokelewa na ngoma?

Na kuna jambo lingine. Ndege zilinunuliwa kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL ikazikodi. Kwa hiyo ukisoma hasara ya ATCL peke yake hujaona gharama yote ya nchi. Ni kama mjomba angesema basi linapata hasara ya mafuta tu, kwa sababu mkopo aliuandika kwa jina la shangazi.

Halafu usalama. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka anga yake. Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania. Yaani hata tukipata leo XLR kumi za bure, Roma na Frankfurt hatufiki. Ndege inayoweza kufika Ulaya bila ruhusa ya kufika Ulaya inabaki kuwa picha ya kalenda.

Na tusisahau zilizokamatwa: Q400 ikiwa Kanada mwaka 2017, A220 Johannesburg mwaka 2019, nyingine ya A220 Uholanzi mwaka 2022, zote kwa madeni na kesi ambazo hazikuhusu ndege, bali namna serikali ilivyoshughulika na wawekezaji. Siku ndege inashikiliwa haibebi abiria hata mmoja.

Kosa letu sisi

Nimesema nitatenda haki, basi nijisute na mimi mwenyewe.

Sisi vijana tulipenda sana ile hoja ya "ndege au maji". Na ina uzito. Mradi wa maji wa miji 28, ambao Handeni na Korogwe zimo, unategemea mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Dreamliner mbili kwa bei ya orodha zinakaribia dola milioni 450. Ukimwambia hivyo mama wa Handeni mwenye ndoo, anaelewa mara moja.

Lakini hoja hiyo ina mlango mkubwa wa kutorokea. Mtawala anajibu: "Nchi haiwezi kufanya jambo moja tu." Na anakuwa sahihi. Nchi kama yetu, yenye watalii, yenye watu Ughaibuni, yenye samaki na nyama na parachichi za kusafirisha, inahitaji usafiri wa anga. Binamu yangu anauhitaji. Tukisema "hatutaki ndege", tunamwambia yeye abaki Muscat wakati mama yake anazikwa.

Swali wasiloweza kulitoroka ni hili: mlihesabu abiria wangapi kabla ya kununua? Nani alihesabu? Lini? Karatasi iko wapi?

Hili swali halina chama. Ni swali ambalo mkopeshaji alipaswa kumuuliza mjomba.

Na nawaonya mapema. Najua siku si nyingi mtu atasimama na kutangaza kwamba nasi "tumeingia kwenye zama mpya", tunaagiza XLR. Msipige vigelegele haraka, na msipinge haraka. Foleni ya Airbus ya ndege za familia ya A320 ni ya maelfu, inafika miaka ya 2030. Anayeingia leo anaagiza ndege ya serikali ijayo, pengine serikali yetu. Muulizeni: ya njia ipi? Abiria wangapi kwa siku? Marubani wako wapi? Injini za akiba zipo? Akiwa na majibu, tumuunge mkono. Akiwa hana, analeta basi jingine chini ya mwembe.

Tunachopaswa kudai

Napendekeza vijana wa chama chetu, kuanzia matawi mpaka taifa, tusimame na madai haya matano:

1. ATCL ichapishe kila mwaka hesabu ya kila njia: viti vilivyoruka, abiria waliolipa, mapato na gharama. Mumbai peke yake, Guangzhou peke yake, Mwanza peke yake. Hii ni mali ya umma. Siri ya biashara ya mashirika binafsi isiwe pazia la hasara ya wananchi.

2. Hakuna ndege mpya bila utafiti wa soko kuwekwa mezani bungeni kabla ya mkataba kusainiwa, ukieleza kwa nini saizi hii na si ile.

3. CAG aoneshe gharama nzima mahali pamoja: ATCL na TGFA, ununuzi, ukodishaji, bima, matengenezo na ruzuku.

4. Pesa ya kwanza iende kwenye injini, vipuri, mafundi na marubani wa ndege tulizonazo. A220 iliyosimama ni ghali kuliko A220 inayoruka.

5. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ieleze wananchi kwa Kiswahili chepesi ni kasoro zipi zilizotufikisha kwenye orodha ya Ulaya, nini kimerekebishwa na nini bado.

Hakuna hata dai moja hapo linalosema "uzeni ndege". Tunasema zihesabuni, ziendesheni, na mkinunua nyingine mtuambie za nani.

Kurudi kijiweni

Jioni hii naenda kijiweni tena. Yule jamaa atakuwepo, hakosi. Safari hii akisema nachukia ndege, sitamtajia ndoo. Nitamuuliza kuhusu binamu yangu, ambaye anamfahamu, kwa sababu naye alikuja msibani. Nitamuuliza ile siku alipokosa kiti, Dreamliner zetu zilikuwa wapi, na zilikuwa na viti vingapi vitupu. Hajui. Mimi pia sijui. Tutakuwa wawili tusiojua, wa vyama viwili, wote tunalipa kodi kwenye sukari na mafuta ya taa. Nadhani hapo ndipo mazungumzo ya kweli yataanza.

Nawe huko uliko, Korogwe, Mombo, Mkata, Kabuku, Tanga mjini au hata Muscat, fanya hivyohivyo. Peleka madai haya matano kwenye kikao cha tawi lako. Yabishie, yaboreshe, yaongezee.

Mjomba mwishowe aliliuza lile basi kwa hasara. Alibaki na pesa ya Hiace moja iliyochoka. Siku inaingia kijijini hakuna mtoto aliyeikimbilia wala shangazi hakupiga vigelegele. Inaondoka kila asubuhi saa kumi na mbili, na ukichelewa dakika tano hukuti kiti.